Mlango wa Mtetezi Haufungwi

Dobi alikuwa amefungiwa ndani ya ghala la nafaka, nyuma ya hekalu la Ceres, mungu wa nafaka, na watu nje walikuwa wanagombania nani atamsukuma kutoka jabalini.

"Si wewe wala si yule," mlinzi wa ghala aliwaambia, keshachoka nao. "Atasukumwa na mwenye kazi yake. Huyo hapo anakuja."

Mwenye kazi yake alikuwa Numerius Otacilius, mjumbe wa watetezi wa makabwela kwa miaka kumi na tisa. Watetezi walikuwa kumi, wakichaguliwa kila mwaka kuwakinga makabwela dhidi ya mabwanyenye. Wakisema fulani akamatwe, Numerius ndiye humkamata. Wakisema fulani atupwe kutoka jabali la Tarpeia, Numerius ndiye humfikisha ukingoni na kumtupa. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, mdomo wake haukuwa na subira, na asubuhi ile hakuwa amekula kitu.

Mtetezi mmoja, Manius Oppidius, alikuwa ameokotwa alfajiri nyumbani kwake, kichwa kimepasuliwa. Dobi Vibius alikutwa amepiga magoti ubavuni mwake, damu mpaka viwikoni. Hapo hapakuwa na cha kuuliza. Makabwela wa Roma waliapa tangu enzi za mababu kwamba anayemgusa mtetezi kwa ubaya hana kesi wala wakili: kichwa chake ni cha Jupita, mali yake ni ya Ceres, na yeyote akimuua hana kosa. Watetezi tisa waliobaki walikwisha kutoa amri kwa kinywa cha mkubwa wao, Aulus Trebius. Saa sita dobi atupwe. Baada ya hapo watu washuke uwanjani wakapige kura, maana kura haipigwi kabla damu ya mtetezi haijalipwa.

Kura yenyewe ndiyo iliyokuwa imewakosesha watu usingizi mwezi mzima. Ikipita, kila mwaka konsuli mmoja kati ya wawili wanaotawala Roma atakuwa kabwela. Tangu Roma iitwe Roma, hilo halijatokea.

"Nifungulie," Numerius alimwambia mlinzi.

"Unakwenda kumuuliza nini, mzee? Si keshakutwa?"

"Mimi ndiye nitakayemsukuma. Kumuuliza mtu hakumwongezei umri. Fungua!"

Vibius alikuwa amekaa juu ya magunia, jicho moja limevimba, na ghala zima lilinuka mkojo na kiberiti, vitu alivyong'arishia nguo. Alikuwa mtu mdogo mdogo. Alipomwona Numerius alijisogeza nyuma mpaka ukutani, akauliza:

"Tayari?"

"Bado. Ulikwenda kwa Oppidius alfajiri kwa lipi?"

"Kumpelekea joho lake. Alitaka liwe jeupe pepepe, leo angesimama mbele ya watu."

"Wiki iliyopita ulimtukana sokoni. Watu mia wamekusikia."

"Nilimtukana, sikatai. Nilimwambia ametuuza. Mwaka jana walituambia kuna sheria mbili, ya mashamba na ya ukonsuli. Mara hii mashamba yamefutwa, kimebaki cheo cha matajiri. Mimi nitakula ukonsuli, mzee? Wanangu nitawapikia ukonsuli?"

"Endelea."

"Jana alasiri akaja mwenyewe kibandani kwangu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtetezi mzima! Akasema, 'Vibius, ulisema kweli na nimeona haya. Kesho nitakataza.'"

Numerius aliinama karibu yake. Mtetezi mmoja kati ya kumi akisimama na kusema "nakataza", sheria imekufa papo hapo, hata kama Roma nzima inaitaka.

"Nani mwingine alisikia?"

"Wewe, sasa hivi."

"Haya. Ukafika kwake."

Dobi aliinua mikono kukinga uso kabla hajasema. "Nikakuta mlango umefungwa."

"Rudia."

"Umefungwa, mzee. Nimebisha, kimya. Nikausukuma kwa bega, ukafunguka. Kila nikisema hivi wananipiga, lakini niseme nini, na ndivyo ulivyokuwa?"

Nje, mtu aliyekuwa ametega sikio ukutani alicheka kwa sauti. "Mnamsikia? Eti mlango wa mtetezi umefungwa! Njia ya mwongo ni fupi!"

Hata mtoto wa Aventino, mlima wa makabwela, alijua kwamba mlango wa mtetezi haufungwi. Siku anayoapishwa unafunguliwa, na unakaa wazi mchana na usiku mpaka mwaka wake uishe, ili kabwela anayeburutwa na watu wa mabwanyenye apate pa kukimbilia. Numerius alitoka ghalani akikuna kidevu. Katika kazi yake alikuwa amesikiliza waongo wengi, na mwongo huchagua uongo wenye sura ya ukweli. Dobi angesema amekuta mlango wazi na maiti ndani, nusu ya watu wangemwamini. Kwa nini aseme jambo ambalo hakuna hata mmoja angeliamini?

Nyumba ya Oppidius ilikuwa juu ya mlima, mlango wa tatu kutoka kisimani. Jirani yake Fadia, mjane muuza dengu, alikuwa akifagia ujia huku akiwalaani watu waliokanyaga kila mahali.

"Shikamoo, shangazi. Unafagia nini?"

"Marahaba. Mayai ya mbayuwayu. Tazama walivyoyafanya! Wamejenga tangu mwezi wa Machi, marehemu hakutaka wabughudhiwe. Wametaga matatu. Umati umeingia na kubomoa kila kitu, watu gani hawa?"

"Kiota kilikuwa wapi?"

Alimwonyesha kwa ufagio. Ubao wa mlango ulifungukia ndani, ukalala dhidi ya ukuta wa ujia, na kwa kuwa haukutikiswa tangu marehemu aapishwe, ndege walijenga juu pembeni, nusu juu ya ubao na nusu ukutani. Numerius alivuta kigoda akapanda, goti likilalamika. Ukutani kulibaki nusu ya kiota. Nusu nyingine haikuwa ubaoni. Akashuka, akapeleka kigoda upande wa pili, kwenye mwimo ambapo ubao hukutana na fremu ukifungwa. Huko juu, ndani ya fremu, kulikuwa na udongo uliobanwa ukawa bapa kama mkate, na manyoya mawili yamenasa humo.

"Shangazi, umati ulipoingia, mlango ulikuwaje?"

"Wazi. Yule dobi alikuwa ndani anapiga mayowe, mimi ndiye wa kwanza kufika."

"Kuna aliyeufunga baadaye?"

"Aufunge nani, ana wazimu?"

"Basi umefungwa kabla." Alimwonyesha udongo kidoleni. "Udongo haurukii fremu ya pili peke yake. Ubao uliubeba ukaubana. Dobi anasema kweli."

Fadia aliuacha ufagio uanguke. "Maskini! Na mimi nimemtemea mate."

Ndani maiti ilikuwa imekwisha kulazwa na kufunikwa. Numerius aliangalia vitu vilivyobaki. Vikombe viwili mezani, kimoja kimejaa divai, kingine nusu. Kinara cha shaba, kizito, kimepinda shingoni. Jeraha lilikuwa kisogoni. Marehemu alikuwa amempa mtu mgongo akimmiminia divai, na mtu humpi mgongo na divai isipokuwa humwogopi. Kisanduku cha fedha hakikuguswa.

"Jana nani alikuja?"

"Watu wote huja, ni nyumba ya mtetezi. Ila magharibi alikuja bwanyenye mmoja, Vopiscus Nautius, na mtu wake mwenye fimbo mbele. Pua juu kama ananusa mvua. Sikumwona akitoka, nilikwenda kulala."

Numerius aliposhuka mlima alikuwa na hakika kiasi. Mtu wa Aventino akiua katika nyumba ya mtetezi hawezi kufunga mlango, maana mlango uliofungwa pale ni sawa na kupiga baragumu: wa kwanza kupita atauliza kulikoni. Aliyefunga ni mtu ambaye kwao milango hufungwa. Yaani bwanyenye. Hilo lilimfurahisha, tusiseme uongo. Kumkuta Nautius na damu mikononi kungekuwa karamu kwa makabwela wote.

Vopiscus Nautius alikuwa ukumbini akipokea salamu za wategemezi wake. Aliwahi kuwa konsuli mara mbili na sura yake haikumruhusu mtu asahau. Hakumkaribisha Numerius kukaa.

"Nilijua mtanijia. Mmechelewa hata."

"Ulikwenda kwa Oppidius jana."

"Nilikwenda. Nilimwomba aikataze sheria yenu ya kipuuzi. Akaniambia atakataza, lakini si kwa ajili yangu. Akanitolea na lugha chafu juu yake. Nikatoka nimefurahi, sijapata kutukanwa nikafurahi hivyo."

"Ulifunga mlango ulipotoka?"

Nautius alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kukamua mbuzi. Kisha akacheka mpaka wategemezi wakaanza kucheka bila kujua kinachochekesha.

"Mlango? Mimi? Mjumbe, tangu nizaliwe sijafunga mlango kwa mkono wangu. Nina bawabu hapa, nina mwenye fimbo njiani. Ukinifungia chumbani peke yangu na mlango uliorudishiwa tu, nadhani nitafia humo."

Numerius alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Mikono ile hata mkanda wake wenyewe haikuwahi kufunga.

"Na tumia akili kidogo," Nautius aliendelea. "Oppidius akiwa hai saa sita, sheria yenu inakufa bure, mimi nakwenda kula. Akiwa maiti, inapita. Mimi nimuue ili kabwela akae kwenye kiti changu? Unatafuta kunguni kitandani kwangu, na kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi njoo uyaseme haya mbele ya watu."

"Nautius aende Aventino kumtetea dobi? Watasema nimemnunua, watamtupa mara mbili. Nenda, mjumbe. Jua linapanda."

Lilikuwa limepanda kweli. Numerius alitembea kwa haraka kiasi goti lilivyomruhusu, na kila alivyogeuza maneno yale hayakugeuka. Amri ya watetezi haizuiwi na mtu ila mtetezi. Akaamua kwenda kwa Trebius mwenyewe amwombe siku moja, moja tu, dobi abaki hai.

Aulus Trebius alikuwa kabwela kwa ukoo, lakini kwa mfuko alikuwa amewapita mabwanyenye wengi, na kila mtu alijua sheria ikipita konsuli wa kwanza wa makabwela ni nani. Nyumba yake ilikuwa mteremkoni, na nguzo mpya. Mlango ulikuwa wazi kama ilivyopasa. Alimpokea Numerius kwa mikono miwili.

"Mzee Numerius! Karibu ndani, kaa. Leteni tini na asali. Umeshakula?"

"Sijaja kula, mheshimiwa. Dobi hakuua."

Trebius aliketi taratibu. Alisikiliza habari ya kiota, ya udongo, ya vikombe viwili, bila kukatiza.

"Ndege," alisema mwishoni. "Unataka niwaambie watu elfu kumi wenye hasira kwamba ndege wameniambia?"

"Nipe siku moja. Sema 'nakataza', asitupwe leo."

"Nikiahirisha hukumu, nimeahirisha kura. Kura ikiahirishwa, mabwanyenye wanapata siku ya kununua mtetezi mwingine. Babu zako walilala Mlima Mtakatifu wakila mizizi, wakiwagomea mabwanyenye mpaka wawatambue kuwa binadamu. Vizazi vingapi tumengoja? Sasa tuko kizingitini, wewe unaniletea dobi."

"Dobi naye ni kabwela."

"Najua ni nini. Chunguza baada ya kura, nitakusaidia mwenyewe."

"Baada ya kura atakuwa nyama chini ya jabali, na aliyemsukuma ni mimi."

Trebius alisimama, akamshika bega kwa upole, akamwongoza kutoka. Mlangoni alimwambia aende salama, amsalimie mkewe. Numerius akavuka kizingiti, akageuka kuitikia, na akajikuta anatazama ubao. Mlango ulikuwa umefungwa usoni pake.

Haukulia hata kidogo. Bawaba zilikuwa zimepakwa mafuta, yanang'aa. Chini, jiwe la kizingiti lilikuwa na mkwaruzo mpya wa nusu duara, mweupe, wa mlango unaokwenda na kurudi kila siku.

Pumzi mbili zikapita. Mlango ukafunguka kwa nguvu, Trebius akasimama hapo, rangi imemtoka.

"Upepo," alisema.

Moshi wa jikoni kwa jirani ulikuwa unapanda wima.

"Unafunga usiku," Numerius alisema. "Umezoea mpaka mkono wako haukuulizi tena."

Trebius alitazama njia juu na chini. Hakukuwa na mtu. "Hujui walivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Kila usiku. Huyu kapigwa, yule kachukuliwa, wananuka, wanalia, wanakojoa ukumbini. Nilihitaji kulala ili niwapiganie mchana."

"Na Oppidius?"

"Aliponiambia atakataza, nilimsihi mpaka nikamshika miguu. Angesema neno moja tu, mzee. Neno moja, na vizazi vyote vile vimekwenda na maji." Alinyoosha joho lake, na sauti yake ikarudi kuwa ya jukwaani. "Huna cha kusema na huna pa kunishika. Mimi ni mtetezi. Tukutane saa sita, ukafanye kazi yako."

Saa sita jabali lilikuwa limefunikwa na watu mpaka kwenye mapaa ya chini. Watetezi tisa walisimama karibu na ukingo. Vibius aliletwa mikono imefungwa nyuma, akibebwa na walinzi wawili. Hakuwa analia tena. Alikuwa anawauliza walinzi nani atakwenda kuzima moto chini ya masufuria yake.

Trebius aliinua mkono, watu wakanyamaza. Akasema machache juu ya Oppidius, ndugu yake, na sauti yake ilikatika mahali palipostahili kukatika. Kisha akasema, "Mjumbe, fanya kazi yako."

Numerius alikuja mbele. Alisimama kati ya dobi na mtetezi, ukingo hatua nne kutoka hapo. Kisha akanyoosha mkono akamkamata Aulus Trebius kifundo cha mkono, akamshika vile alivyowashika watu kwa miaka kumi na tisa, kwa kidole gumba juu ya mshipa.

Watu walivuta pumzi wote kwa pamoja. Mwanamke mmoja alifunika macho ya mwanawe.

"Amenigusa!" Trebius alipiga kelele. "Mmeona nyote! Amemgusa mtetezi!"

"Nimemgusa," Numerius alisema kwa sauti ya kuita majina mahakamani. "Anayetaka kuniua ana haki, na nipo hapa hapa, siendi popote. Lakini kwanza mnijibu swali moja. Aliyemuua Oppidius aliufunga mlango wake kwa mazoea. Udongo wa kiota umo ndani ya fremu, nendeni mkauone. Sasa niambieni: nani kati yenu aliwahi kukimbilia kwa huyu usiku, akakuta mlango wazi?"

Trebius alijaribu kujinasua akashindwa.

"Ndugu zangu, msimsikilize. Amenunuliwa na Nautius, ametoka kwake asubuhi hii hii!"

"Nimetoka kwake, ndiyo. Jibuni swali."

Mwanamume mmoja wa makamo, kofia mkononi, alisema kutoka katikati, tena kwa aibu, kama anayeungama. "Mimi nilikwenda. Mwezi wa Februari. Walikuwa wanamburuta kaka yangu wakampige fimbo. Nilibisha mpaka vidole vikachubuka." Akatazama vidole vyake. "Nikadhani nimekosea nyumba."

"Hukukosea," mwanamke nyuma yake alisema. "Mimi pia nilibisha."

"Na mimi."

"Mimi mara mbili."

Sauti zilitoka huku na kule, za watu waliokuwa wameificha aibu hiyo kila mmoja peke yake, kila mmoja akidhani kosa ni lake. Watetezi wanane wakaanza kumtazama mwenzao. Mkubwa wao kwa umri, mzee mwenye mvi, akasogea hatua moja.

"Nakataza," alisema. "Dobi asitupwe."

Walinzi walikata kamba. Vibius akaanguka kifudifudi na kukumbatia mwamba.

"Na kura?" mtu aliita. "Mtetezi, na kura yetu?"

Mzee hakuweza kumtazama. "Hakuna kura kabla damu ya mtetezi haijalipwa, na aliyeimwaga hagusiki mpaka mwaka wake uishe. Mnajua hivyo. Mwaka huu hakuna kura."

Kilio kilichopanda hapo Numerius hakuwahi kusikia mfano wake, na hakikuwa cha Oppidius wala cha dobi. Yeye mwenyewe angelia nao, kwa sababu babu zake walikula mizizi ile, na alitaka ukonsuli ule kama mtu yeyote pale. Mbele yake, karibu kabisa, babu mmoja aliyevaa joho lake la sikukuu, jeupe, lililofuliwa kwa ajili ya siku ile, alikuwa analia machozi yanadondoka kidevuni.

"Umetuua," babu yule alimwambia Numerius. "Mimi sitaishi mpaka kura nyingine."

Kisha akainama na kuokota jiwe. Numerius alimwona, na hakumwachia Trebius mkono.